Bado Ng'ombe

Odile Fayolle huzika filamu. Sisemi kwa mafumbo. Anachukua ukanda wa filamu ya zamani, anauviringa, anautia ndani ya stokingi kuukuu, anafunga fundo, anachimba shimo kati ya matuta ya liki, vile vitunguu virefu vya majani, nyuma ya nyumba yake, anaufukia, halafu anakwenda zake kupika supu. Wiki tatu au nne baadaye anaufukua, anauosha, anaukausha na kuupitisha kwenye projekta, na watu wa mjini wenye miwani minene wanakaa kimya dakika kumi na mbili kutazama jinsi udongo ulivyokula picha. Hiyo ndiyo kazi yake. Ana karatasi ya serikali inayosema yeye ni msanii na mtengenezaji wa filamu. Mama yake, Mungu amrehemu, alikuwa akisema amejaliwa watoto wawili: mmoja fundi bomba, mwingine mharibifu.

Mimi ni Huguette. Nilifanya kazi kwenye kiwanda cha utepe hapa Vaubrune miaka thelathini na mmoja mpaka kilipofungwa, na tangu hapo naendesha projekta ya ukumbi wa parokia kila Jumapili alasiri. Odile namjua tangu akiwa wa kubebwa. Mimi namsema nitakavyo, lakini mgeni akimsema mbele yangu tutakosana.

Alizaliwa juu ya karakana. Baba yake alikuwa na mitambo miwili ya kufuma utepe, na kuanzia asubuhi mpaka jioni nyumba nzima ilitikisika, vikombe vikigongana kabatini. Odile husema filamu alijifunzia pale, maana utepe ni kitu chembamba kinachopita tu mbele ya macho yako, ua, ua, ua, na ua moja likikosewa unaliona hata kama umesinzia. Alisoma chuo cha sanaa, akaenda Paris, akabeba nyaya za filamu za watu wengine miaka sita. Baba alipougua alirudi, na baba alipokufa hakuondoka tena. Mchana anagawa chakula kwenye kantini ya shule ya msingi, amevaa kofia ya karatasi. Saa zinazobaki ni za filamu.

Kuzika alianza kwa bahati mbaya. Mwaka wa mafuriko maji yaliingia kwenye ghala la chini ya nyumba yake yakakaa wiki mbili, na filamu aliyoihangaikia miaka minne ilikuwa humo. Alilia siku tatu. Siku ya nne akaipitisha kwenye projekta ili aiage, na alipoona rangi zilivyochuruzika, kutu na zambarau zikitembea juu ya nyuso za watu, akanyamaza. Tangu siku hiyo akawa anafanya kwa makusudi kile ambacho mafuriko yalimfanyia. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Filamu za kuzika anazinunua kwenye masoko ya vitu vya mitumba, visanduku vya familia ambazo hata hazijulikani: ubatizo, harusi, wajomba wakiwa ufukweni na kaptura zao. Na ana sharti lake moja. Kabla ya kuzika hutazama mita ya kwanza tu, anaishika dirishani kwenye mwanga, ajue ni filamu ya rangi au la, ipo nzima au imeoza. Haendelei mbele.

"Nikiwaona sura nitawahurumia," aliwahi kuniambia. "Na nikiwahurumia sitawazika."

"Kumbe kama mchinjaji," nikamwambia. "Hampi kuku jina."

Alicheka. Mimi pia nilicheka, na kicheko hicho nimekijutia.

Sasa njoo kwa Bi Claudia Thivolle. Ana miaka themanini na minne, anakaa peke yake kwenye nyumba ya kona, chini ya kanisa. Yeye na mumewe Marius walikuwa na mtoto mmoja tu, Agnès, aliyekufa kwa homa ya uti wa mgongo mwaka 1971, akiwa na miaka sita. Kiangazi cha mwisho Marius alikuwa ameazima kamera, akampiga filamu mtoto shambani kwa bibi yake. Dakika nne, kisanduku kimoja cha njano. Kilirudi kutoka maabara filamu ikiwa imeshasafishwa, lakini hawakuwahi kukifungua. Marius alikufa bila kukifungua. Bi Claudia alikiweka kwenye kabati la shuka, na kila alipobadilisha shuka alikisogeza, akakirudisha.

Mwaka wa mkasa huu macho yake yakaanza kufa. Si giza lote. Ni katikati tu panapopotea, pembeni panabaki. Akitaka kukuona lazima ageuze uso, akutazame kwa pembe ya jicho, jinsi kuku anavyotazama punje. Daktari alimwambia kufika majira ya kuchipua hata hicho kidogo kitakuwa kimekwenda. Akaja kwangu na kile kisanduku ndani ya leso.

"Huguette, nataka kumwona mwanangu kabla macho hayajafunga duka."

Mimi ndiye niliyemwambia ampelekee Odile. Mimi, kwa mdomo wangu. Nilisema filamu ya miaka arobaini na minane siwezi kuitia kwenye mashine hivi hivi, itakatika, inahitaji mkono wa mtu anayeijua. Tukapanga tarehe: Jumapili ya pili ya Novemba, ukumbi mtupu, sisi watatu tu.

Alhamisi ya kabla yake, saa tatu asubuhi, nilikwenda kwa Odile kuichukua ili niijaribu. Kisanduku cha njano kilikuwa rafuni na jina la Thivolle juu yake. Odile akatoa ukanda, akaushika dirishani anionyeshe jinsi ulivyo mzima.

Nikasogea. Niliona theluji, na watu wawili waliovaa skii.

"Odile," nikasema, "Bi Claudia aliteleza kwenye theluji lini?"

Akavuta mita nyingine. Skii. Akavuta tena, mara ya kwanza nimemwona akivuka mita yake moja. Skii mpaka mwisho.

Baadaye alinieleza ilivyokuwa, na nilielewa, ingawa kuelewa hakukunisaidia kitu. Siku aliyopanga kuitengeneza alikuwa ameitoa kwenye kisanduku chake na kuiweka juu ya meza, karibu na mikanda aliyoinunua sokoni juzi yake. Shule ikapiga simu: mpishi ameanguka, njoo upesi. Aliporudi jioni amechoka aliendelea na kazi pale alipodhani ameishia. Akachukua ukanda, akatazama mita ya kwanza, akaona ng'ombe. Ng'ombe watupu wanatafuna majani. Akaona huu ni wa sokoni, nani ataweka ng'ombe kwenye kumbukumbu ya mtoto wake? Akautia kwenye stokingi. Wa skii, uliobaki peke yake mezani, ukaingia kwenye kisanduku cha Thivolle.

Tulitoka nje mbio. Kwenye matuta ya liki vilisimama vijiti vinne vyenye vibao, kama vile vya kuonyesha mbegu zilizopandwa. Odile huandika juu yake kile alichokiona. Harusi. Bahari. Mbwa. Cha nne kiliandikwa Ng'ombe, na chini yake tarehe. Siku kumi na tatu, na mvua ilikuwa imenyesha siku kumi kati ya hizo.

Alichimba kwa mikono. Nilimwambia chukua jembe, akasema jembe litaukata. Aling'oa liki akazitupa nyuma bila kutazama, moja ikanipiga gotini. Stokingi ilipotoka ilikuwa nzito, inavuja maji meusi, na ilinuka bwawa. Mimi nikanyoosha mkono niukaushe kwa aproni yangu.

"Usiguse!" alinipigia kelele, mtu ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti. "Ukikauka umekwisha. Utagandamana wote, utakuwa jiwe. Niletee ndoo. Maji ya baridi, baridi kabisa!"

Picha ya filamu, kama hujui, imekaa juu ya utando laini unaofanana na ule wa juu ya mchuzi wa mifupa uliopoa. Wadudu wa udongoni wanaupenda mno. Ukiwa umelowa unateleza na kubanduka kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa. Ukiukausha vibaya mizunguko yote inashikana, na huo ndio mwisho. Njia ilikuwa moja tu: uendelee kulowa kwenye maji baridi mpaka ufike kwenye maabara ya wenzake mjini, mwendo wa saa moja na nusu, huko ulazwe juu ya kioo chenye taa, na kila picha ndogo ipigwe picha kabla haijabanduka. Picha elfu nne.

"Umebaki kiasi gani?" nikauliza.

"Sijui. Niliuzika umeviringwa. Wadudu huanza nje wakaingia ndani, kama mtu anayemenya kitunguu." Akafunika ndoo kwa taulo. "Mzunguko wa nje umekwenda. Wa ndani sijui."

Akaingiza ndoo kwenye gari, kwenye kiti cha mbele, akaifunga mkanda. Mimi nikakaa nyuma na mfuko wa barafu. Na hapo ndipo tulipogombana.

"Bi Claudia tutamwambia projekta imeharibika," nikasema. "Nitaichomoa balbu mimi mwenyewe. Tunapata wiki mbili, tatu."

"Na macho yake?"

"Mpaka majira ya kuchipua, kasema daktari."

"Huguette, napita kwake sasa hivi."

"Una wazimu? Utamuua! Mwache mzee wa watu. Ukiokoa, hana haja ya kujua. Usipookoa, ndipo utamwambia."

"Mficha uchi hazai," akasema, akakata kona kuelekea kanisani.

Nilibaki garini nikishikilia ndoo. Nilikuwa mwoga, nasema wazi. Lakini dirisha la gari lilikuwa limeshushwa na mlango wa Bi Claudia uko hatua nne kutoka barabarani, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Odile hakukaa. Alisimama mlangoni na tope mpaka viwikoni, akasema kwa sentensi tatu: nimekosea kisanduku, nimeizika filamu ya Agnès, imekaa ardhini siku kumi na tatu.

Bi Claudia aligeuza uso upande, ili amwone. Alimtazama hivyo muda mrefu, kwa pembe ya jicho.

"Mimi nilimzika mara moja," akasema. "Niliona inatosha."

Odile hakuomba msamaha. Nilitaka kumrushia barafu. Sasa najua neno lilimkwama, lisingetoka hata kwa koleo.

"Uliona nini ukadhani siyo?" Bi Claudia akauliza.

"Niliona ng'ombe."

"Na hukutazama mbele."

"Huwa sitazami mbele."

"Marius alianza na ng'ombe," Bi Claudia akasema. "Alisema kamera lazima ipate moto kwanza, asije akampoteza mtoto kwa mkono wa baridi. Ng'ombe kwanza, kisha mtoto. Yuko ndani huko, nyuma ya ng'ombe. Nenda kamtoe. Na ukifika kwake unipigie simu. Sitatoka kwenye kiti."

Maabara ya wenzake ni chumba cha nyuma cha karakana ya zamani ya magari, na inaendeshwa na wasanii kama yeye, watu wa kuosha filamu kwenye masinki na kugombania ndoo. Aliyekuwapo alikuwa Anselme, mwanamume mrefu mwenye ndevu, mpole kama kondoo. Alichungulia ndani ya ndoo, akavua saa ya mkononi, akaiweka mbali, akasema, "Haya."

Kazi ilikuwa hivi. Odile alitenganisha mzunguko mmoja ndani ya maji kwa brashi ya manyoya laini, brashi ya kuchorea. Kipande cha urefu wa kiganja kilitoka, akakilaza juu ya kioo. Anselme alipiga picha ya kwanza, akasogeza, ya pili, akasogeza. Mimi kazi yangu ilikuwa barafu na simu.

Kipande cha kwanza kilikuwa wazi kabisa kama kioo cha dirisha. Hakukuwa na kitu. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu kilikuwa na madoa ya kutu. Cha nne utando ulibanduka mbele ya macho yetu, ukaelea kwenye tone la maji, ng'ombe mdogo wa kahawia akapita juu ya kioo, akakunjika, akapotea.

Simu ikalia.

"Mmefika wapi?"

"Bado ng'ombe, Bi Claudia."

Akakata. Baada ya saa moja akapiga tena. Bado ng'ombe. Alhamisi yote ikaenda, tukala mkate na jibini tumesimama, na ilikuwa bado ng'ombe. Ijumaa asubuhi niliamka kwenye kochi la Anselme, shingo imekauka, nikamkuta Odile palepale, macho mekundu, brashi mkononi. Simu ikalia. Bado ng'ombe. Nilianza kumchukia Marius Thivolle kaburini kwake. Binadamu mzima anapigaje ng'ombe kiasi hiki? Halafu nikakumbuka kwamba kila ng'ombe aliyeliwa na wadudu alimkinga mtoto aliyekuwa nyuma yake, nikaomba awe amepiga ng'ombe wengi zaidi.

Jambo moja liliniuma kumtazama. Odile, ambaye miaka ishirini na tatu hakuvuka mita ya kwanza, sasa alilazimika kuangalia kila picha kwa kioo cha kukuzia, aone kama utando umeshika. Hakuwa na pa kukwepesha macho.

Ijumaa saa tisa alasiri akasimamisha brashi.

"Anselme. Taa."

Anselme akaongeza taa. Pembeni mwa picha, chini kabisa, chini ya doa la kutu, palikuwa na kitu chekundu, kidogo kuliko punje ya mchele. Odile akainama. Akapumua kwa mdomo.

"Buti," akasema. "Ni buti. Za mvua, nyekundu. Ana miguu ndani yake."

Simu ililia wakati huohuo. Nilitaka nimpe Odile, akatikisa kichwa, mikono yake ilikuwa majini. Nikasema mimi: "Bi Claudia, tumeona buti nyekundu."

Nilimsikia tu akipumua, na saa yake ya ukutani ikigonga nyuma yake. Kisha akasema, "Zilikuwa kubwa. Tulinunua kubwa ili azitumie mwaka wa pili." Akakata.

Alikimbia mtoto yule, kutoka ghalani kuja kwa kamera. Picha baada ya picha miguu ilikuja, kisha nguo ya mistari, kisha mikono. Lakini kila uso ulipofika mahali pake, palikuwa na tundu jeupe, duara, kama mtu ametoboa kwa moto wa sigara. Wadudu walikuwa wamepitia ubavuni mwa ukanda na kula mstari huo huo. Ijumaa iliisha bila uso. Jumamosi asubuhi, bila uso. Odile aliniambia mara moja tu nimwekee barafu zaidi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia chooni.

Jumamosi jioni, zilipobaki picha chini ya mia mbili, karibu na kitovu cha mviringo, tundu likaanza kupungua. Kidevu kikaonekana. Picha iliyofuata, mdomo. Kisha uso mzima, unacheka, umeinuliwa kwa yule aliyeshika kamera. Anselme alipiga huku machozi yanamtiririka kwenye ndevu, wala hakujifuta, asije akatikisa meza. Uso ulidumu picha arobaini na moja. Baada ya hapo mtoto alipita upande wa kamera, na filamu ikaisha.

Arobaini na moja. Kwa mwendo wa kamera ya Marius ni sekunde mbili na nusu.

Jumapili asubuhi Anselme alikuwa amezipanga zote kwenye kompyuta. Tulitazama. Ng'ombe hakuna, madoa, madoa, buti, nguo inayokimbia bila kichwa, na mwishoni uso, fyu, umekwenda. Hata kupepesa macho ukipepesa vibaya umeukosa.

"Unaweza kuzirudia," nikamwambia Odile. "Hizo arobaini na moja. Zirudie mara thelathini, mbele na nyuma, polepole. Hiyo si ndiyo kazi yako? Atapata dakika nzima. Hatajua."

Anselme aliangalia sakafu. Najua naye alitaka.

"Naweza," Odile akasema. Aliweka mkono kwenye mashine, akauacha hapo, na kwa muda nilidhani atafanya. "Nikifanya hivyo, huyo atakuwa mtoto wangu, Huguette. Nitakuwa nimemtengeneza mimi. Yeye anamtaka wa kwake."

Tulifika ukumbini saa tisa. Bi Claudia alikuwa tayari amekaa mstari wa tatu, amevaa koti lake la kanisani, mkoba mapajani. Odile alikwenda akasimama mbele yake.

"Bi Claudia, uso ni sekunde mbili na nusu. Mwingine wote umeliwa. Mimi ndiye niliyesababisha."

"Washa," akasema Bi Claudia.

Niliwasha. Ile mashine ya kompyuta, ambayo siipendi, haina hata mlio. Madoa yakapita. Zilipoingia buti nilimtazama Bi Claudia, nikaona ameupa uso wote ukuta wa kushoto, ameacha skrini. Nikadhani hataki kuona. Kisha nikakumbuka. Alikuwa anatazama. Ndivyo anavyotazama.

Uso wa mtoto ukaja, ukaenda. Skrini ikawa nyeupe.

"Rudisha."

Nikarudisha. Safari ya tatu aligeuza kichwa kulia. Safari ya tano alisimama, akasogea mstari wa mbele. Safari ya saba akaja hadi akakaribia kushika skrini, na mistari ya nguo ya mtoto ilimpita juu ya koti lake. Kila uso ulipofika aligeuka kuutafuta kwa pembe ya jicho, na kabla hajaupata ulikuwa umekwenda. Niliupiga mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili aliinua mkono.

"Basi. Zima."

Akarudi, akashikilia migongo ya viti kimoja kimoja, akakaa.

"Buti naziona," akasema. "Nguo naiona, niliishona mwenyewe. Anavyokimbia namwona, mguu wa kulia anautupa nje, kama baba yake. Uso siupati. Ukifika nakuwa sijafika."

Odile alikuwa amesimama karibu na mlango, kama mtoto aliyetolewa darasani.

"Wewe, binti Fayolle. Umemtazama muda gani?"

"Siku mbili, Bi Claudia. Kwenye uso, Jumamosi yote jioni. Moja moja."

"Kwa kioo cha kukuzia?"

"Kwa kioo cha kukuzia."

"Basi hakuna mtu hai aliyemwona kuliko wewe." Akapiga kiti cha pembeni yake kwa kiganja. "Kaa hapa. Niambie. Anza na mdomo."

Odile akaja akakaa. Mikono yake ilikuwa bado na nyufa za barafu. Alifumba macho, na nikaona midomo yake ikihesabu, picha ya kwanza, ya pili.

"Mdomo wake uko wazi," akasema. "Anacheka, lakini mdomo wa juu umeshuka kidogo, kama anauficha. Picha ya tisa anasahau kuuficha. Jino la mbele halipo, Bi Claudia. La kushoto."

Bi Claudia akaweka mkono mdomoni mwake mwenyewe.

"Lilitoka asubuhi ile," akasema. "Lilitoka asubuhi ile ile, kwenye mkate wa bibi yake. Nilikuwa nimelisahau. Mungu wangu, nilikuwa nimelisahau."

Alilia hapo, na Odile akalia, nami nikajifanya nakunja nyaya. Ilipita robo saa. Kisha Bi Claudia akajifuta kwa leso ileile aliyokuwa amefungia kisanduku, akafunga mkoba wake, akainuka, na kumgeuzia Odile uso wa pembeni.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua, Bi Claudia."

"Alhamisi uje nyumbani. Tutaanza na macho."